Mjadala: Kampuni za dawa zilizoeneza uraibu Marekani zimewajibishwa, au zimenunua msamaha?

#1 (mleta mada)
Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Novemba 2025 jaji wa mahakama ya ufilisi New York aliidhinisha mpango wa dola bilioni 7.4 wa kumaliza mashauri dhidi ya Purdue Pharma, watengenezaji wa dawa ya maumivu iitwayo OxyContin. Familia ya Sackler, wenye kampuni, itatoa hadi bilioni 6.5 kati ya hizo, kwa muda wa miaka 15. Wapo wanaosema sasa haki imetendeka. Mimi nakataa.

OxyContin iliingia sokoni mwaka 1996. Ndani yake ni oksikodoni, ndugu wa mofini na heroini, iliyoundwa iachie dawa mwilini polepole kwa saa 12. Mawakala wa mauzo walipita kwa madaktari wakiwaambia kwamba wagonjwa wanaopata uraibu hawafiki asilimia 1. Ushahidi ulikuwa nini? Barua ya aya moja iliyotoka kwenye jarida la kitabibu mwaka 1980, ikizungumzia wagonjwa waliolazwa hospitalini. Haikusema lolote kuhusu fundi anayeumwa mgongo na kwenda nyumbani na vidonge vya mwezi mzima.

Mwaka 2007 kampuni ilikiri kosa la jinai kwa kuinadi dawa hiyo kwa uongo, ikatozwa takriban dola milioni 600. Wakubwa wake watatu walikiri makosa madogo. Jela hakwenda mtu. Miaka iliyofuata familia ilichota takriban dola bilioni 11 kutoka kwenye kampuni, na mwaka 2019 kampuni ikaenda mahakamani kusema haina uwezo wa kulipa. Mwaka 2020 ikakiri tena makosa matatu ya jinai, likiwemo la kuwapa madaktari hela ili waandike dawa zake zaidi. Hakuna mwanafamilia hata mmoja aliyeshtakiwa kwa jinai. Kijana anayeuza kete kichochoroni akikamatwa mara mbili, kuna hakimu atakayempa miaka 15 alipe kwa awamu?

#2
Mkuu, unaruka mambo. Dawa iliidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani yenyewe. Maelezo yaliyopitishwa nayo yalidai kwamba kufyonzwa polepole kunaaminika kupunguza mvuto kwa wanaoitumia vibaya. Daktari akaandika, mfamasia akatoa, bima ikalipa. Hao wote walikuwa watoto? Halafu wengi wanaokufa miaka hii wanauawa na fentanili ya magendo (dawa ya jamii hiyo hiyo, kali kuliko heroini), si vidonge vya famasi. Mwaka 2010 Purdue walibadilisha kidonge kisipondeke kirahisi, maana waraibu walikiponda ili dawa yote iingie kwa mpigo. Mlitaka wafanye nini zaidi?

#3
#2, hilo la 2010 usilitaje kama sifa. Kidonge kilipokataa kupondeka watu walikuwa tayari na arosto, na arosto haingoji. Wengi wakahamia heroini, na fentanili ikawakuta huko huko. Huwezi kumtia mtu kwenye uraibu halafu ukasema alikofia si dukani kwako.

Ila nakubaliana nawe kwamba Purdue hawakuwa peke yao. Kermit, kijiji cha West Virginia chenye watu kama 400: duka moja la dawa lilipelekewa karibu vidonge milioni 9 vya haidrokodoni, dawa ya maumivu ya jamii hiyo hiyo, ndani ya miaka 2. Gawanyeni wenyewe. Wasambazaji walikuwa na wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa wakiona oda inayotia shaka, nao malori yakaendelea kushusha. Mwaka 2021 wasambazaji watatu wakubwa (McKesson, Cardinal Health, AmerisourceBergen) walikubali kulipa dola bilioni 21, na mtengenezaji wa dawa Johnson & Johnson bilioni 5, bila kukiri kosa. Mimi hao ndio wananiudhi kuliko Sackler, maana hata majina yao watu hawayajui.

#4
Naomba na upande mwingine usikike. Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye tiba shufaa, ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa mahututi. Kila kelele za Marekani zikifika huku, kuna daktari anayeogopa kumwandikia mofini mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha. Uganda wanachanganya mofini ya maji hapo hapo nchini, kwa bei ndogo, na wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Dawa ni hizo hizo. Tofauti ni kwamba hapo hakuna wakala anayelipwa bonasi kwa kila boksi. Shtakini uuzaji, msiitishe nchi nzima ikaogopa chupa ya mofini.

#5
Kisheria, mleta mada anadai kitu kigumu kuliko anavyodhani. Jinai inataka uthibitishe bila shaka yoyote kwamba mtu fulani, kwa jina lake, alijua na akakusudia. Hata kesi za madai si mteremko: jimbo la Oklahoma liliishinda Johnson & Johnson mwaka 2019, jaji akaamuru dola milioni 465, na Novemba 2021 mahakama ya juu ya jimbo ikafuta zote. Ndiyo maana majimbo hukubali kupatana.

Tena mpango wa sasa si ule wa awali. Ule ungewakinga Sackler hata dhidi ya waathirika wasiokubali, huku kila mwathirika akipata kati ya dola 3,500 na 48,000. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataa, majaji 5 kwa 4. Sasa asiyetaka fedha anabaki na haki ya kushtaki, na kinga ya jinai haimo.

#1 (mleta mada)
#4 nakuunga mkono kabisa. #5, asante, lakini kinga ya jinai kutokuwemo kunasaidia nini kama mwendesha mashtaka hafungui jalada? Inawezekana. John Kapoor, mwanzilishi wa Insys, alihukumiwa miezi 66 mwaka 2020 kwa mpango wa kuwahonga madaktari waandike dawa yake ya fentanili ya kupuliza. Insys ilikuwa kampuni ndogo. Kwa Sackler, wazazi waliofiwa walichopewa ni siku moja ya Machi 2022, wakazungumza nao kwa mtandao. Wawili walionekana kwenye kioo, Richard Sackler, aliyewahi kuwa rais wa kampuni, alisikiliza kwa simu. Mzazi anamaliza, jaji anamwita mwingine, familia haijibu neno.

#2
Sawa, mfunge Richard Sackler na uzee wake. Fedha za vituo vya tiba atatoa nani? Zile za mapatano na kampuni za tumbaku za 1998 majimbo yalizipata, na nyingi zikaishia kuziba mapengo ya bajeti. Mimi ningekesha nikizilinda hizi bilioni 7.4 zisifuate njia hiyo hiyo.

#3
Kwani huwezi kufanya yote mawili?