Mjadala: Gari zero kilomita ikiwa mbovu, muuzaji aendelee kuitengeneza mpaka lini?

Wadau wa Dodoma, hili tuliongee maana jana limezua ubishi mkubwa. Kuna mdau kasema gari mpya ikileta shida mnunuzi atumie waranti basi, na kudai urudishiwe hela au upewe gari nyingine ni kuua biashara za watu. Mimi napinga kabisa.

Shemeji yangu anayekaa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma alivuta pikapu mpya Dar kwa mkopo wa benki. Ikiwa ya baridi haina neno, ila ukitembea nayo mwendo mrefu ikapata moto, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu inashtuka, unasikia "ko!" chini ya miguu na gari yote inatikisika. Anairudisha Dar kwa waliomuuzia, fundi anaizungusha mtaani kidogo, anarudi anasema iko poa. Kwenye karatasi wanaandika imekaguliwa, hakuna tatizo. Akianza safari ya kurudi, hata Gairo hajafika inagonga tena. Dodoma hadi Dar ni kilomita 450 hivi, mafuta yake, ruhusa ya kazini anaomba yeye, na makato ya mkopo hayajui kama gari imelala gereji.

Na mimi naona ile karatasi ndo mbaya kuliko hata gia. Waranti ikiisha, kwa maandishi hiyo gari haijawahi kuumwa. Kwahiyo mwenye shida kama hii asisaini kitu mpaka malalamiko yake yaandikwe kama alivyoyasema, na apande na fundi gari ikiwa na moto wake, video ichukuliwe.

Sheria tunazo jamani. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iwe na ubora unaostahili, na FCC, yaani Tume ya Ushindani iliyopo kwa sheria ya 2003, kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Tatizo hiyo Sura ya 214 imefuata sheria ya Waingereza ya 1893, haikutungwa ikifikiria gari yenye kompyuta, na haisemi akishindwa kutengeneza mara ngapi ndo basi. Wenyewe Waingereza walishasonga mbele, sheria yao ya 2015 inakupa siku 30 kurudisha bidhaa mbovu upewe hela yako, na ubovu ukitokea ndani ya miezi sita muuzaji ndo athibitishe kwamba haukuwepo siku anauza. Marekani jimbo la Connecticut lilianza 1982, matengenezo manne ya tatizo lilelile yakishindikana au gari ikilala gereji siku 30, mnunuzi ana haki ya kubadilishiwa au kurudishiwa hela, na majimbo mengine yakafuata. Biashara ya magari huko ilikufa? Haijafa.

Kuna hoja kwamba sisi tunabebesha mizigo kupita kiasi na barabara za vumbi zinaua gari. Hiyo naikubali nusu. Shokamzoba zikifa kwa sababu unaswaga mashimo kila siku hilo ni lako, lakini gia boksi ya gari mpya iliyokanyaga lami tu, hapo mashimo yanaingiaje? Na ndo maana nataka mzigo wa kuthibitisha awe nao muuzaji, yeye ndo mwenye mashine ya kupimia na mafundi, shemeji yangu ana nini zaidi ya masikio yake?

Mapendekezo yangu: tatizo moja litengenezwe mara mbili, breki au usukani mara moja tu, ikishindikana mnunuzi achague gari nyingine au hela. Usafiri wa kuirudisha gari alipe aliyeuza. Bunge liko hapa hapa Dodoma, wabunge wetu wabanwe kwa hili.

Mnaouza magari najua mpo humu. Mara mbili mnaona ni chache? Semeni nyie mnataka ngapi, na kwanini.