Naomba ushauri: nadhiri ya kutembea kwa miguu hadi Roma, nikiwa peke yangu

Binti Kibosho:

Ndugu zangu, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mtanzania, mwanamke wa miaka 46, ninaishi Freiburg, Ujerumani, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Miaka miwili iliyopita mama yangu alilazwa huko nyumbani akiwa hoi, nami kwa kuwa sikuwa na njia ya kusafiri nilipiga magoti chumbani, nikaweka nadhiri kwamba akipona nitakwenda kwa miguu hadi kwenye kaburi la Mtume Petro. Mama alipona, na leo anapalilia migomba yake. Deni limebaki kwangu.

Njia niliyoichagua ni Via Francigena, njia ya kale ya mahujaji wa Roma, aliyopita Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyekwenda Roma mwaka 990 kupokea pallio, yaani ukanda wa sufu wa maaskofu wakuu, kwa Papa, na ambaye vituo vya safari yake ya kurudi viliandikwa kimoja kimoja. Huanzia Canterbury, huvuka bahari hadi Calais, kisha hupita Reims, Besançon, Lausanne, milima ya Alpi, Pavia, Lucca na Siena, takriban kilomita 2,000. Nimepewa likizo isiyo na malipo ya miezi mitatu. Ninataka kwenda peke yangu kwa sababu nadhiri niliiweka peke yangu, lakini dada zangu wanalia kwenye simu kwamba mwanamke mweusi hawezi kulala ugenini kila usiku bila mwenzake. Kifaransa na Kiitaliano sijui. Aliyewahi kupita huko aniambie ukweli: inawezekana, na niogope nini?

Msafiri wa Bukoba:

Dada, kabla ya yote hesabu siku. Kibali chako cha kuishi Ujerumani kinakuruhusu kukaa katika nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, siku 90 tu ndani ya kila siku 180, na Uswisi imo katika hesabu hiyo. Ukitembea kilomita 25 kila siku kutoka Calais bila kupumzika hata Jumapili, utafika Roma siku zikikaribia 80. Malengelenge ya wiki moja yakikuweka kitandani, umekwisha. Tena Canterbury iko Uingereza, na kwa pasipoti ya Tanzania itakubidi uombe viza nyingine kwa ajili ya siku mbili za kutembea.

Mama Upendo:

Mimi nakubaliana na dada zako. Tafuta mwenzako mmoja, hata wa parokia. Mungu hatakasirika.

Mwalimu wa Peramiho:

Shikamoo Mama Upendo. Naheshimu wasiwasi wako, lakini nimeipita njia hii kwa vipande viwili, kwanza kaskazini mwa Ufaransa na baadaye kutoka Lausanne hadi Roma, na mara zote nilikuwa peke yangu, kwa hiyo naomba nieleze nilichokiona.

Binti Kibosho, usiogope wezi wa msituni. Katika siku zote zile sikukutana na hata mmoja. Ogopa kiatu kipya. Ogopa begi zito: lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, bila kuhesabu maji, na viatu viwe vikubwa nusu namba kwa sababu mguu huvimba kadiri siku zinavyopita. Ufaransa inachosha kwa namna nyingine. Baada ya Reims kuna siku unazotembea katikati ya mashamba tangu alfajiri hadi jioni bila kuona duka, na kijiji unachokitegemea unakuta duka lake la mikate limefungwa kwa sababu ni Jumatatu. Upweke wa huko si wa sala. Ni upweke wa njaa na wa kutojua utalala wapi, maana wenyeji wanaopokea mahujaji ni wachache na ni lazima uwapigie simu siku moja kabla, kwa Kifaransa.

Kutoka Lausanne mambo hubadilika. Utapita abasia (monasteri) ya Saint-Maurice, iliyoanzishwa mwaka 515 kwenye kaburi la Mtakatifu Maurisi, askari ambaye mapokeo yanasema alitoka Thebe ya Misri. Nilikaa mbele ya kaburi lile muda mrefu kuliko nilivyopanga, nikifikiri kwamba Mwafrika mwenzangu alifika kabla yangu. Kisha utapanda Grand-Saint-Bernard, kipito cha kuvuka Alpi, mita 2,469, chini kidogo ya kibanda cha Mandara cha Kilimanjaro, kwa hiyo mtu wa Kibosho asitishwe na jina la Alpi. Juu kuna nyumba ya wageni ya Wakanoni wa Mtakatifu Augustino, mapadre wanaoishi kitawa, ambayo imepokea wapita njia tangu karne ya 11. Lakini theluji huweza kufunika njia hadi mwezi wa sita, kwa hiyo usifike huko mapema.

Italia ina makao mengi ya parokia na ya masista, na pasipoti yako ya hujaji, kile kijitabu cha safari, hugongwa mhuri kila unapolala. Karibu na Vercelli utatembea kwenye matuta ya mashamba ya mpunga ungedhani uko Mbarali, na mbu ni wale wale. Mto Po unavukwa kwa boti karibu na Corte Sant'Andrea, pale pale alipovuka Sigeric, ila nahodha anatakiwa kupigiwa simu mapema. Kuhusu rangi yetu nitasema bila kuficha: askari wa doria walinisimamisha mara mbili kudai vitambulisho, na sikuona mzungu akisimamishwa. Weka kibali chako mfukoni, si ndani ya begi. Na kila jioni mtumie mtu mmoja ujumbe wa mahali unapolala. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote hizo.

Katekista:

Mwanangu, soma tena maneno uliyoyaandika. Ulimwahidi Mungu kaburi la Petro na miguu yako, Canterbury hukumwahidi. Mahujaji wa zamani walianzia mlangoni kwao. Toka Freiburg, pita Basel, fuata vibao vya njano vya njia za miguu za Uswisi hadi Lausanne, na hapo uingie katika Via Francigena. Siku za Ujerumani hazimo katika zile 90. Kama moyo bado una shaka, mwendee paroko: kanuni ya 1197 ya Sheria ya Kanisa inakuruhusu wewe mwenyewe kubadili nadhiri ya binafsi kwa jambo lililo sawa au bora zaidi, na likiwa pungufu, paroko ana uwezo wa kukusaidia.

Binti Kibosho:

Nimesoma nikalia. Nimepiga hesabu: kutoka mlangoni kwangu ni kama kilomita 1,400, siku 70 pamoja na mapumziko. Nitaondoka mwishoni mwa mwezi wa tano ili theluji inipishe, na joto la Italia nitalikwepa kwa kuanza safari saa kumi na moja alfajiri.

Mama Upendo, mwenzangu nimempata. Mama anataka nimtumie kila jioni jina la kijiji nitakacholala, tarehe na kilomita, aviandike kwenye daftari la jumuiya, nyuma ya ukurasa wa michango. Amekwisha kuchora mistari.