Mjadala: Michango ya msimu wa korosho iende kwenye seli shina za Parkinson?

Mtoa hoja, Mikindani
Wadau, salaam. Kila msimu wa korosho, malipo ya mnada yakishaingia, magrupu ya WhatsApp ya huku kwetu hujaa michango ya matibabu. Safari hii linazungushwa tangazo la kliniki moja ya nje ya nchi: dripu 3 za "seli shina" (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, anaacha kutetemeka, malipo yote kabla ya safari. (Picha iliyowekwa ni ya goti. Goti na ubongo wapi na wapi?) Kuna familia zinafikiria kuuza mikorosho. Hoja yangu: tusichange. Fedha ziende kwenye dawa zinazojulikana. Anayepinga aje na sababu.

Mwalimu wa Baiolojia, Nachingwea
Napinga nusu. Tusitupe tiba nzima kwa sababu ya matapeli. Parkinson inatokana na kufa kwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo. Seli hizo zipo kwenye sehemu ndogo nyeusi chini ya ubongo, na nyuzi zake hupeleka dopamini hadi eneo liitwalo putameni. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakufa. Kupandikiza ni kurudisha seli za aina ileile, na kazi hiyo imefika mbali.

Kule Kyoto, Japani, walichukua seli za damu za mtu mmoja mwenye afya, wakazirudisha kwenye hali ya uchanga kwa mbinu ya Shinya Yamanaka, aliyepata Nobel mwaka 2012. Wakazikuza hadi zikakaribia kuwa seli za dopamini, wakazichuja, kisha wakaziingiza kwa sindano nyembamba kupitia matundu ya fuvu hadi kwenye putameni, kulia na kushoto, jumla kama milioni 5 hadi 10. Wagonjwa walikuwa 7, wa miaka 50 hadi 69. Matokeo yalitangazwa Aprili 2025: baada ya miaka 2 hakuna uvimbe ulioota, na kati ya 6 waliopimwa mwendo, 4 walikuwa na nafuu hata wakiwa hawajameza dawa. Marekani na Kanada nako walipandikizwa watu 12, seli 900,000 au milioni 2.7 kila upande. Kundi la dozi kubwa, baada ya miezi 18, lilipata nafuu ya zaidi ya pointi 20 kwenye kipimo cha mwendo cha pointi 132. Hayo si ya kubeza.

Muuguzi, Lindi mjini
Mwalimu, umejijibu mwenyewe. Wewe umesema matundu ya fuvu, tangazo linasema dripu. Seli zikiingia kwa mshipa wa mkono zinapita moyoni kwenda mapafuni, na nyingi hunasa hukohuko. Zitakazopenya zitakuta ukuta uliopo kati ya damu na ubongo. Tena seli za dripu aghalabu hutolewa kwenye mafuta, uboho au kitovu, na hizo hazigeuki kuwa seli za dopamini. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mfamasia, Masasi
Naunga mkono hoja, ila tuseme ukweli kwamba hata hiyo "dawa inayojulikana" tunaitumia vibaya, ndiyo maana watu wanakimbilia dripu.

Levodopa, dawa ya Parkinson inayogeuka dopamini kichwani, huja pamoja na karbidopa. Kazi ya karbidopa ni kuzuia levodopa isigeuzwe dopamini kabla ya kufika kichwani. Mwili unahitaji karbidopa kama miligramu 70 hadi 100 kwa siku ili kazi hiyo ifanyike sawasawa. Sasa mgonjwa anapewa kidonge cha 250/25 (levodopa 250, karbidopa 25), anaambiwa ameze nusu mara 3. Piga hesabu: karbidopa 37.5 tu kwa siku. Anatapika siku ya pili, anasema dawa ni sumu, anaacha. Angeanzishiwa 100/25, kimoja mara 3, angepata karbidopa 75 na levodopa isiyozidi 300. Uamuzi ni wa daktari, lakini ndugu anayemhudumia mgonjwa asome namba kwenye boksi.

Kosa la pili linaudhi zaidi. Akitapika anapewa metoklopramidi, dawa inayoziba milango ya dopamini hata ndani ya ubongo, basi anakakamaa kuliko mwanzo. Domperidoni ndiyo huchaguliwa, baada ya kuangalia moyo. Na kuna wazee wanaoitwa wagonjwa wa Parkinson kumbe wanatetemeshwa na haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili.

La tatu ni chakula. Protini hugombea njia moja na levodopa kwenye utumbo. Kidonge kikimezwa pamoja na sahani ya kunde na samaki, saa ile inapotea bure. Nusu saa kabla ya kula inatosha. Na dawa isikatwe ghafla hata kama imeadimika, maana mgonjwa anaweza kupanda homa, akakaza misuli na kupoteza fahamu.

Mdau wa Newala
Wakuu, nawasikia, lakini mnatufundisha kuridhika na kidogo. Levodopa haizuii seli kufa. Baada ya miaka kadhaa dozi inaanza kuisha nguvu kabla ya wakati wa dozi nyingine, na mwili unaanza kujinyonganyonga wenyewe. Halafu majaribio yanafanyika Japani, Marekani, Uswidi, sisi tutasoma matokeo tu? Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulikuta wagonjwa 33 na asilimia 78 kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Huku kusini nani ametuhesabu? Msimamo wangu: serikali iombe wagonjwa wetu waingizwe kwenye majaribio halali.

Mwalimu wa Baiolojia, Nachingwea
Hapo tuko pamoja, ila historia itutahadharishe. Mwaka 2001 Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 40. Nusu walipandikizwa tishu za vijusi, nusu walitobolewa fuvu tu bila kuwekewa kitu, wote wakiwa hawajui nani ni nani. Nafuu ilionekana kwa wenye umri mdogo, wazee hawakupata. Baadaye baadhi ya waliopandikizwa walipata mijongeo isiyozuilika hata baada ya kupunguziwa dawa. Utafiti mwingine wa 2003 ulikuta tatizo hilo kwa zaidi ya nusu ya waliopandikizwa. Majaribio ya Kyoto na Marekani niliyoyataja hayakuwa na kundi la kulinganisha. Ni hatua ya usalama ile. Pia kipandikizi hakigusi usahaulifu wala choo kigumu.

Muuguzi, Lindi mjini
Na dawa za kushusha kinga mmezisahau. Seli za mtu mwingine zinahitaji takrolimusi kwa takriban mwaka mzima. Inapimwa kwenye damu mara kwa mara, ikizidi inaumiza figo. Kifua kikuu kilicholala nacho huamka kinga ikishushwa. Mgonjwa akirudi Tandahimba na mfuko wa vidonge hivyo, nani anampima?

Mdau wa Newala
Na upupu? Tumeambiwa una levodopa.

Mfamasia, Masasi
Ni kweli, mbegu zake zinayo, na kule Bolivia unga wake ulijaribiwa kwa wagonjwa 18 ukafanya kazi. Lakini kiasi hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, na hauna karbidopa, kwa hiyo kichefuchefu kipo palepale. Mgonjwa asichanganye na vidonge kimyakimya, atazidisha dozi.

Mtoa hoja, Mikindani
Narekebisha hoja. Kabla kamati ya mchango haijapitisha shilingi, wakala wa kliniki ajibu kwa maandishi: seli zimetoka wapi na zinageuka kuwa nini? Zinaingizwa wapi, mshipani au kwenye putameni? Ni ngapi? Jaribio limesajiliwa wapi, kwa namba ipi? Nani atamfuatilia mgonjwa miaka 2 baadaye? Na kwa nini analipishwa, wakati washiriki wa majaribio halali kwa kawaida hawalipii kile kinachojaribiwa? Kwa hapa nchini jaribio la namna hiyo lingepita kwa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kwa maadili na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kwa kibali.

Mdau wa Newala
Sawa, ila wakishindwa kujibu mchango usirudishwe mifukoni. Ulipe vidonge vya 100/25 vya miezi 6 na nauli ya kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.