Fishtanki ya futi sita kwa nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, Kisumu. Inawezekana ama nijitoe mapema?

NyarMigosi
Habari zenu wadau. Niko Kisumu, nyumba ya kupanga ghorofa ya pili. Kuna jirani anahama mwisho wa mwezi na anauza fishtanki yake, futi sita urefu, mbili upana, mbili kwenda juu. Ni kioo tu, hakuna stendi, hakuna filta, anataka elfu kumi na nane na venye namjua nikimbana atashuka. Nimeipenda mbaya. Shida ni mimi sijawahi kufuga samaki, mzee wangu anataka oscar, yule samaki mkubwa wa duka, watoto wanataka samaki wa ziwa ati twende ufuo wa Dunga tununue fulu, wale wadogo, wakiwa hai, mimi nataka tu kitu kizuri hapo sitting room watu waache kuangalia simu. Sasa niambieni, sakafu itabeba? Maji ni ya mfereji na kuna siku yanakuja kuna siku hayaji, yatawafaa samaki? Nianze na samaki gani? Na stima je, tokeni zitaisha? Semeni ukweli, msinionee huruma.

Fundi_Vioo
Dada anzia kwa sakafu, hayo mengine ni baadaye. Futi sita kwa mbili kwa mbili ni karibu lita 680, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo maji pekee yako kilo 680. Kioo kama ni cha milimita 12 (na kwa kina cha futi mbili mimi sikati chembamba kuliko hapo) hiyo ni kilo mia moja ishirini hivi. Tia mchanga, mawe na stendi ya chuma, umefika mia tisa. Hao ni watu wazima kumi na wawili wamesimama mahali padogo kuliko godoro la tatu kwa sita, na hawaendi kwao. Sakafu ya nyumba ya kuishi kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba. Sisemi itaporomoka siku hiyo hiyo, uzito husambaa kidogo na kuna nyumba zimejengwa na roho safi, lakini kuna zingine za siku hizi hata mimi nikipanda ngazi najishikilia ukuta. Bila injinia kuona venye slabu imejengwa na landlodi kukubali kwa maandishi, mimi singeweka.

Kuhusu kioo chenyewe, usilipe kabla hujakijaza. Mwambie jirani aiweke chini nje mahali palipo sawa kabisa, chini ya kioo muweke karatasi ya povu, ile nyeupe huja na tivii, mjaze maji hadi juu mwache siku tatu nne. Pitisha kidole kwa kila kona. Ikivuja hata tone, jua silikoni imezeeka, na silikoni mpya haishiki juu ya nzee, lazima yote ikwanguliwe ndio ipigwe upya. Tena si silikoni ya bafu, hiyo iko na dawa ya kuua kuvu na itaua samaki pia. Tafuta ile ya kawaida inanuka kama siki, isiandikwe popote kwamba inazuia kuvu.

OkelloWaUgali
Lita 680 bila ngege (tilapia) wa kukaanga ni matumizi mabaya ya maji nyinyi watu

MseeWaNax
Wacha kucheza na dada wa watu 😂

Mimi niko Nakuru nimefuga cichlid (jamii ya kina oscar, fulu na ngege) kitambo. Fundi amemaliza mambo ya kioo, mimi niongelee maji kwa sababu hapo ndio watu wengi huua samaki halafu wanasema samaki walikuwa wabaya. Maji ya mfereji yanawekwa klorini, kwako ni poa, kwa samaki inachoma matamvua. Weka maji kwa drum iliyo wazi siku moja mbili na pampu ya hewa ikipuliza, klorini itatoka, ama ununue dawa ya kutoa klorini kwa duka la samaki, tone chache tu. Hiyo ndio rahisi.

Ngumu ni hii. Samaki akikojoa na chakula kikioza inatoka amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, hiyo nayo bado ni sumu, halafu wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anavumilia hadi ubadilishe maji. Hao bakteria hawako kwa tanki mpya. Wanakaa kwa sponji ya filta, kwa mchanga, kwa mawe, na huchukua kama wiki nne hadi sita kujaa, huko kwenu kwenye joto pengine mapema kidogo. Kwa hivyo unawasha filta, unatupa chakula kidogo kioze, unangoja, unapima. Siku amonia na nitriti zinasoma sufuri na nitrati inaonekana, hapo sasa ununue samaki. Ukipata mtu ako na tanki ya zamani akupe sponji yake chafu ukamulie kwa filta yako, umepunguza hiyo safari sana.

Kanyonyi_KK
Mimi nawaheshimu lakini hizi mambo za kungoja mwezi mzima ni za watu wako na wakati. Niko Kakamega, mimi niliweka maji leo samaki kesho na bado wako.

MseeWaNax
Bosi uliweka wangapi na kwa tanki ya lita ngapi? Wachache wagumu kwa maji mengi wanaweza kuponea, sikatai, hasa kama ulikuwa unabadilisha maji kila mara. Lakini mtu anayeanza akisikia hivyo ataweka oscar sita mara moja.

Kanyonyi_KK
Guppy wanne, wale samaki wadogo 😅 sawa nimeelewa

NyarMigosi
Asanteni sana. Kwa hivyo tanki inakaa na maji tu wiki sita bila samaki? Mzee ataniuliza nimenunua televisheni isiyo na chaneli. Na hayo maji yanabadilishwa yote ama?

MseeWaNax
Hapana, usiwahi toa yote. Robo hivi kila wiki. Robo ya 680 ni 170, sema mitungi minane tisa ya lita ishirini, na wewe uko ghorofa ya pili na maji yenyewe ni ya kubahatisha. Hiyo hesabu uifanye kabla hujalipa. Sponji ya filta ukiiosha ioshe kwa maji uliyotoa kwa tanki, ukiosha na ya mfereji umeua bakteria uliongoja.

Hita hapo Kisumu sidhani unahitaji, hapo mnabahatika. Huku kwetu usiku ni baridi, hita ya wati 300 ikiwaka masaa nane kwa siku ni uniti 72 kwa mwezi. Wewe ni filta tu, ya wati 30 usiku na mchana ni kama uniti 22, na taa kidogo. Ila maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, kwa hivyo stima ikipotea samaki wako watapanda juu kuhema haraka kuliko wangu. Nunua ile pampu ndogo ya hewa ya betri uweke tayari. Stima ikikaa sana bila kurudi usiwalishe, na kama filta ni ile ya kopo lililofungwa ifungue uioshe kabla ya kuwasha tena, ndani kunaoza.

JaDunga
Nyaminwa, hapo kwa fulu umenigusa. Watu hapa wanaona fulu ni chambo tu ama samaki wa maskini, na huko Ulaya na Marekani kuna watu wanawafuga na kuwazalisha kwa vioo. Kuna mmoja wa upande wa Mwanza anaitwa Pundamilia nyererei, dume lake ni jekundu na manjano na mistari meusi, ukiliona huwezi sema limetoka kwa ziwa letu. Ziwa lilikuwa na aina kama mia tano za fulu, halafu mbuta (sangara) akaletwa miaka ya 1950, kufika miaka ya 1980 wamemalizwa wengi sana, na hata maji kuchafuka kuliongezea.

Kwa hivyo watoto wako wana akili kukushinda wewe na mzee. Lakini usiende ufuoni na ndoo. Kwanza fulu wa wavu anakuja ameumia magamba, atakufa kwako baada ya siku mbili. Pili kuchukua samaki wa ziwa wa mapambo kuna sheria yake, pitia ofisi ya samaki ya kaunti uulize. Tatu na hii ndio kubwa, usilete maji ya ziwa, wala mimea, wala mchanga wa ziwa kwa nyumba iliyo na watoto. Konokono wadogo wanajificha kwa majani na hao ndio wanabeba kichocho, halafu mtoto anaingiza mkono kwa tanki kucheza na samaki. Gugumaji pia achana nalo hata kama maua yake ni mazuri. Mchanga chukua wa mtoni wa kujengea, uoshe hadi maji yatoke safi, utachoka lakini uoshe.

Ukipata fulu kwa mtu anayezalisha, weka dume moja na majike kadhaa, mawe mengi ya kujificha. Jike anabeba mayai mdomoni, ukiona amevimba kidevu na hali chakula usidhani ni mgonjwa. Usichanganye aina mbili zinazofanana, watazaana upotezee hiyo damu. Na ngege wa asili pia mwache, siku hizi amebaki sana kwa viziwa kama Kanyaboli.

Na asichoke mtu yeyote akarudisha samaki wa duka ziwani. Tafadhali. Tumeshaona mbuta.

OkelloWaUgali
Kamongo je? Huyo hata stima ikipotea anapumua tu hewa

JaDunga
Omera kamongo anapita mita moja na anauma. Weka kwako kwanza.

MamaGuppy
Halafu oscar na fulu hawakai pamoja mum, muulize baba watoto achague. Oscar anafika futi moja, chochote kinaingia mdomoni ni chakula. Yule mweusi wa kulamba kioo wanakuuzia akiwa kidole pia anakuwa mkubwa kama mkono, usidanganywe.

NyarMigosi
Nimerudi. Nimeongea na landlodi, amecheka halafu akasema hapana, hata sikumaliza sentensi. Lakini nimepata wazo na mnikosoe kama ni la kipuzi. Niko na saluni yangu hapa chini, graundi, sakafu ni ya simiti juu ya udongo, maji tuko na tanki ya lita elfu mbili nyuma. Si nikiweka huko wateja watakuwa wanaangalia wakisukwa? Huku juu nitafute ndogo ya futi tatu ya watoto.

Fundi_Vioo
Hapo sasa unaongea. Stendi chomelesha ya skweya tyubu, miguu sita si minne, na uweke levo kabla ya maji, ikilala upande mmoja kioo kinapasuka siku usiyotarajia. Beba ikiwa tupu kabisa, watu sita, msishike kwa zile baa za juu. Ile ya futi tatu, ikiwa upana na kina ni futi moja na nusu, ni kama lita 190, hiyo weka kando ya ukuta karibu na kona, lakini bado mwambie landlodi asije akashtuka.

MamaGuppy
Wazo ni zuri lakini saluni iko na shida moja hakuna mtu amesema. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuitia kwa maji. Sasa piga picha spray ya nywele, asetoni ya kucha, na ile moshi ya kuchoma ncha za braids, yote inaingia huko. Pampu iweke nyuma kwa stoo, upitishe mpira mrefu ukutani, na tanki iwe na kifuniko cha kioo, mbali na viti vya kusuka. Wafanyakazi waambiwe hakuna mkono wenye mafuta ama dawa ya nywele kuingia kwa maji hata kama samaki anaonekana mgonjwa. Waya ya filta ining'inie chini kuliko soketi ndio tone likiteremka lisiingie kwa stima. Na dawa ya mbu ya kupuliza mkifunga jioni mwache kabisa, hiyo kwa samaki ni sumu kali, weka wavu kwa madirisha.