Kinoa, mtama mzima, shayiri au tefu: nianze na ipi?

Mpishi_wa_Jioni
Wakuu, habari zenu. Nimechoka na mchele mweupe, nataka nafaka zisizokobolewa nazo zipate nafasi jikoni. Nimefikiria nne: kinoa, mtama mzima, shayiri na tefu. Sitaki kununua zote kwa mpigo. Nikitoka kazini nina nusu saa tu ya kupika, na walaji wangu hawataki kabisa chakula kinachonatanata. Nianze na ipi?

Sufuria_Kubwa
Kwa nusu saa, kinoa. Kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji, moto mdogo dakika 15, kisha epua uiache imefunikwa dakika 5. Ukiona kiuzi cheupe kimechomoza pembeni ya punje, imeiva. Ila ioshe sawasawa kwenye chujio la matundu madogo. Punje zake zina saponini, kitu kichungu chenye kutoa povu. Zipo zinazouzwa zikiwa zimeshaoshwa. Mimi hata hizo nazisuuza. Wengi wanaolalamika kuwa kinoa ni chungu waliruka hatua hiyo.

MamaPunje
Hapo simo. Kinoa ni nyepesi mno, ukiimwagia mchuzi inapotelea humo humo. Chukua mtama mzima. Punje zinabaki zimeachana na unazihisi ukitafuna. Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha kwenye maji mengi kama unavyochemsha tambi, dakika 50 hadi saa nzima, halafu chuja. Hakuna kupima maji. Saa nzima inatisha, najua, lakini unapika nyingi siku ya mapumziko, unazigawa kwenye mifuko na kuzigandisha. Siku ya kazi unapasha tu.

Mpishi_wa_Jioni
Kuloweka kunapunguza muda kweli au ni mazoea?

MamaPunje
Kwa mtama na shayiri kunapunguza, maana maji yanakuwa yameshapenya kwenye pumba kabla hujawasha moto. Kinoa na tefu usihangaike nazo.

Chumvi_Kidogo
Kwenye shayiri soma pakiti. Ile nyeupe iliyong'arishwa inaiva kwa dakika 25 hadi 30, lakini pumba imeshaondolewa, kwa hiyo siyo unayoitafuta. Iliyotolewa ganda la nje pekee inataka dakika 45 hadi 60. Kwa supu sijaona ya kuishinda, inaifanya iwe nzito bila kuongeza unga.

Na hili msilipuuze: shayiri ina gluteni, aina ya protini, sawa na ngano. Kama mezani kuna mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani gluteni inamdhuru utumbo, iondoe kabisa. Kinoa, mtama na tefu hazina, ila mtu huyo ahakikishe hazikufungashwa mahali pamoja na ngano.

Uji_Mzito
Tefu imesahaulika! Punje zake ni ndogo kuliko ufuta, hata kuzikoboa ni vigumu, ndiyo maana huliwa nzima nzima. Waethiopia huchachusha unga wake kutengeneza injera. Ukiichemsha, kikombe kimoja kwa vitatu vya maji, dakika 20, unapata uji. Sasa kwa walaji wasiotaka kunata... labda uifiche kwenye unga wa biskuti.

Sufuria_Kubwa
Nakubali hoja ya mchuzi, @MamaPunje. Njia ya kati: kinoa na mchele mweupe, nusu kwa nusu, sufuria moja. Muda wao unakaribiana, na wabishi mezani hawashtuki. Mtama usiuchanganye hivyo ukiwa mbichi, mchele utakuwa bokoboko nao bado mgumu.

Kabla ya kutia maji, kaanga kinoa kavu dakika chache mpaka inukie. Tofauti utaionja mwenyewe.

Chumvi_Kidogo
Usinunue gunia pia. Nafaka isiyokobolewa bado ina kiini, na kiini kina mafuta, kwa hiyo ikikaa sana kwenye joto inachacha. Unga wake ndiyo huwahi zaidi. Weka kwenye friji.

Mpishi_wa_Jioni
Basi kinoa ya siku za kazi, nusu kwa nusu na mchele, na mtama wa Jumapili. Shayiri itasubiri supu. Tefu, samahani @Uji_Mzito. Mtama nichukue mweupe au mwekundu?

MamaPunje
Mweupe. Baadhi ya ile myekundu ina tanini nyingi, inaacha ukakasi mdomoni.

Uji_Mzito
Nimesamehe. Biskuti utazijaribu tu.