Nyumba za umma: apewe mwenye shida au mkaazi wa siku nyingi?

Wakuu, leteni hoja. Halmashauri ina nyumba moja iliyo wazi na mafaili mawili mezani. La kwanza ni la mama mwenye watoto watatu, wote chumba kimoja, ukuta una ukungu na kitinda mimba ana pumu. Amehamia mjini miezi minane tu. La pili ni la mzee mwenye vyumba viwili, magoti yameshindwa ngazi, yuko kwenye foleni mwaka wa 12 huu.

Mimi nampa mama. Ila mara nyingi faili la mtu kama yeye halifiki hata mezani. England, Sheria ya Nyumba ya 1996 inataka wafikiriwe kwanza wasio na makazi, waliobanana, wanaoishi pabovu na wenye sababu za kiafya. Safi. Ikaja sheria ya 2011, ikaziachia halmashauri ziamue nani ana sifa ya kuingia kwenye orodha, na nyingi zikaweka sharti la miaka ya ukaazi. Vienna, mji unaosifiwa kwa nyumba za umma kuliko karibu wote, nao unataka miaka 2. Sisi tunagombania pointi za kupangwa kwenye foleni, kama za pumu, kumbe mchujo ulishafanyika mlangoni.

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, hapo unawaonea wenyeji. Huyo mzee amesubiri kwa adabu miaka yote, leo aambiwe shida yake ni ndogo? Halafu ukipima shida peke yake, watu wataikuza. Nimeona mtu anakataa kuhama kwenye chumba kibovu kwa kuogopa kushuka daraja kwenye orodha.

*Mleta mada:* La kukuza shida nakubali, na ndiyo maana ukaguzi wa nyumba kwa nyumba haukwepeki. Miaka nayo ihesabiwe, lakini pale tu shida zinapolingana. Ikifanywa kufuli inaumiza watu walewale kila mara. Halmashauri ya Hillingdon, London, iliweka miaka 10 ya ukaazi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliona sharti hilo linawabagua wakimbizi na jamii ya Wasafiri wa Ireland (watu wenye desturi ya kuhamahama), na halmashauri haikuweza kulihalalisha. Mkimbizi angeitoa wapi hiyo miaka 10?

*Mchangiaji wa pili:* Mnasahau kitu kidogo: huo ukaazi unathibitishwa na nini? Wanataka mkataba wa pango au bili yenye jina lako. Anayelala sebuleni kwa binamu, godoro analikunja kila alfajiri, hana hata kimoja. Anaweza kuwa amezaliwa mtaa huohuo. Mleta mada, huyo unamweka wapi?

*Mleta mada:* Hapo umenibana, mkuu. Kwa sheria nyingi nilizosoma, huyo anahesabiwa hana makazi, hivyo alipaswa kuwa juu kabisa. Karatasi ndiyo inayomshusha.