Mateka na aliyemteka: penzi la riwaya za kihistoria hukolea kwa njia gani?

Msomaji wa Ibanda, Bukavu

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Katika kikundi chetu cha kusoma tunaazimana riwaya za mapenzi za Kifaransa zinazouzwa mtumba hapa mjini, na nyingi kati ya zile zinazosimulia mambo ya karne ya 17 na ya 18 zina mhimili mmoja: mwanamke anatekwa na maharamia, au anafungiwa ngomeni, au anaozwa kwa nguvu kwa mtu asiyemjua, kisha kurasa mia tatu baadaye anampenda yule yule aliyeshika ufunguo. Baadhi yake hunikesha. Nyingine, zenye matukio yanayofanana nazo karibu hatua kwa hatua, hunitia hasira ya kweli, na ningependa kuelewa tofauti iko wapi.

Siulizi kama hadithi za namna hii ziruhusiwe au zikatazwe. Swali langu ni la uandishi, kwa sababu mimi mwenyewe ninaandika riwaya inayotokea Kasongo, Maniema, kuanzia mwaka 1890, mji ule ukiwa bado mikononi mwa wafanyabiashara Waswahili na Waarabu. Msichana analetwa na msafara, anawekwa katika nyumba ya tajiri wa pembe za ndovu, na karani wa nyumba hiyo, ambaye kazi yake ni daftari la mali, ndiye anayeandika jina lake chini ya hesabu ya vitambaa na shanga. Nataka mapenzi yao yakolee polepole sana. Nifanye nini ili msomaji aamini kwamba msichana huyu amependa, wala si kwamba amechoka kukataa?

Mwalimu wa historia, Kadutu

Dada, jambo unalouliza limewahi kujibiwa na mwandishi mmoja mara mbili, kwa majibu yanayopingana, na ndiyo maana naanza naye. Mwaka 1740 Mwingereza Samuel Richardson alitoa riwaya ya Pamela, kijakazi anayefungiwa na bwana wake katika nyumba ya mbali huko Lincolnshire. Bwana anamtega, anamvizia, anasoma barua zake kwa siri. Hata hivyo msomaji akitazama vizuri, ndoa yao haitokani na kufungwa huko. Bwana anashindwa, anampandisha kwenye gari la farasi na kumrudisha kwa wazazi wake, na Pamela akiwa njiani anapata barua ya kumwomba arudi. Anarudi. Ukurasa ule wa njiani, ambapo farasi wangeweza kuendelea mbele na hakuna ambaye angewazuia, ndio unaobeba riwaya nzima, ingawa kwangu mimi bwana huyo bado amesamehewa kwa bei nafuu mno.

Kati ya mwaka 1747 na 1748 Richardson akatoa Clarissa, na humo mtekaji ana maneno matamu na akili nyingi kuliko yule wa kwanza. Anamnywesha dawa ya kumlevya na kumbaka. Ndugu na marafiki wanadhani ndoa itafunika aibu. Clarissa anakataa katakata, na anakufa akiwa amekataa. Kitabu kilipokuwa kikitoka sehemu kwa sehemu, wasomaji walimwandikia mwandishi wakimsihi awaoze wale wawili, naye hakukubali.

Kuna jambo lingine la kihistoria ambalo riwaya za maharamia hulitegemea bila kulitaja: fidia. Mateka wa Algiers, bandari ya maharamia huko Afrika Kaskazini, mwenye jamaa wa kumlipia alihifadhiwa kwa sababu alitarajiwa kuondoka. Mwandishi Mhispania Cervantes alikaa huko tangu 1575 hadi 1580, mpaka watawa wa Utatu walipomkomboa. Kwa hiyo katika riwaya za Mediterania muda wenyewe una mwisho, barua ziko baharini, fedha zinachangishwa, na kila wiki ya kuvutiwa inapimwa dhidi ya siku ya kuondoka. Msichana wako wa Kasongo hana mtu anayekuja na fedha. Usipomjengea upeo wa namna nyingine, upole wowote atakaoonyeshwa utakuwa upole wa mwenye mali kwa mali yake.

Msomaji wa Muhumba, Bukavu

Mwalimu ameeleza mlango, yaani nafasi ya mateka kuondoka. Mimi ningependa kuzungumzia mwendo, kwa kuwa wengi wanaoiga riwaya hizi hukosea hapo. Wanadhani polepole maana yake ni kuchelewesha busu. Wanaweka sura kumi za kutazamana, mikono inayogusana juu ya sinia, mvua inayowafungia chumba kimoja, na wakati wote huo mwenye nguvu hajapoteza chochote. Mwanamke ndiye anayesogea: kwanza anamwogopa, kisha anamzoea, halafu anamhurumia, hatimaye anampenda. Hayo ni mazoea yaliyovishwa nguo ya mapenzi.

Waliokua wakisoma vitabu vya Angélique, vya Anne na Serge Golon, watakumbuka jinsi ndoa yake ya kwanza inavyoanza: ameozwa kwa hesabu za baba yake kwa kabaila wa Toulouse, mtu anayechechemea, mwenye makovu usoni, ambaye watu wanamsema kuwa mchawi. Mume ana haki zote ambazo sheria ya zama zile inampa, naye anakataa kuzitumia. Anangoja. Anamruhusu aone maabara yake, anazungumza naye kama mtu mwenye akili, na miezi inapita. Kinachonivuta pale ni kwamba anayesogea ni mwanamume: kila sura anaweka chini kitu ambacho angeweza kukitumia. Huo ndio mwendo ninaouamini, nao unahesabika kwa yale ambayo mwenye nguvu ameacha, moja baada ya jingine, bila kudai malipo.

Kwa karani wako, yaya, ningeanza na lile daftari. Siku moja aandike jina la msichana kama alivyolisikia kwa viongozi wa msafara, yaani vibaya. Baadaye sana, labda sura ya saba, amuulize jina lake hasa, na msichana amdanganye. Tafadhali mwache amdanganye kwa muda mrefu! Mateka ambaye hana uongo wake, hana mpango wake, hana rafiki wa jikoni anayezungumza naye kwa lugha ya kwao ambayo karani haielewi, huyo hana mahali ndani yake ambapo mapenzi yanaweza kuanzia. Siku atakapomwambia jina la kweli kwa hiari, msomaji atashtuka zaidi kuliko kwa busu lolote.

Kijana wa Kamalondo, Lubumbashi

Naomba niongeze onyo, kwa kuwa mazungumzo kama haya hayachukui muda kabla ya mtu kutaja Stockholm. Mwezi wa nane mwaka 1973 wafanyakazi 4 wa benki katika mji huo mkuu wa Uswidi walishikiliwa siku 6 katika chumba cha hazina, na mmoja wao alimwambia waziri mkuu Olof Palme kwa simu kwamba aliwaamini waliowateka kuliko polisi waliokuwa wakijiandaa kuvamia. Watu wakaita jambo hilo ugonjwa. Mimi naliona kuwa ni hesabu ya usalama iliyofanywa na mtu mwenye akili timamu: alitazama ni nani aliyekuwa karibu zaidi kumsababishia kifo. Msichana wa Kasongo naye atapiga hesabu hiyo kila asubuhi, na atamtabasamulia karani kwa sababu tabasamu linamlinda. Ni lazima msomaji ajue hivyo, na karani pia ajue. Karani akishajua kwamba tabasamu lile huenda ni la kujilinda, akaamua kutolitegemea, hapo ndipo nitaanza kumheshimu.

Tena, hebu fikiria karani mwenyewe kuwa mtumwa. Nyumba za matajiri wale zilikuwa na watumwa walioaminiwa kazi kubwa, wengine wakiongoza misafara na kubeba bunduki. Watu wawili waliofungwa na mtu wa tatu wanaweza kutazamana kwa namna ambayo mfungwa na mlinzi wake hawawezi.

Mama wa Nguba, Bukavu

Mwanangu, nimesoma majibu yote na nimefurahi kwamba yameandikwa kwa heshima. Napenda uiweke wazi katika riwaya hatari aliyo nayo msichana huyo kwa mwenye nyumba, kwa maana nafasi iliyokuwa ikimngoja ilikuwa ile ya suria. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa na matajiri hao, suria aliyemzalia bwana wake hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa aliachwa huru. Wanawake walizijua kanuni hizo na walipanga maisha yao kwa kuzitumia. Hata kule Zanzibar, amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa iliwaacha masuria nje, wakangoja hadi 1909. Basi usiandike kana kwamba moyo ndio uliokuwa na neno la mwisho katika nyumba ile.

Na jambo la pili nalisema kwa uzito. Katika mji wetu wapo wanawake waliochukuliwa msituni wakati wa vita, na wapo wanaosoma. Sikukatazi kuandika. Ninakuomba kila sura inayohusu kukamatwa iandikwe kana kwamba mmoja wao ameketi mbele yako, akikusikiliza unavyoisoma kwa sauti. Usimpambe mtekaji kwa kifua kipana na macho makali katika ukurasa ule ule ambao mtu analia.

Msomaji wa Ibanda, Bukavu

Ninawashukuru nyote, Mama, shikamoo, na ombi lako nimelipokea. Nakubaliana na kijana wa Lubumbashi: karani atakuwa mtumwa wa nyumba, aliyetekwa utotoni, na daftari ndilo linalomfanya asahau hali yake. Upeo ambao mwalimu ameudai nao upo tayari katika historia, kwani Nyangwe iliangukia mikononi mwa jeshi la Leopold, mfalme wa Wabelgiji, mwezi wa tatu mwaka 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Tajiri atakimbia kuelekea Tanganyika, nyumba itabaki wazi, na msichana ataondoka peke yake kwenda kwao bila kumuaga mtu yeyote. Njia ile haitakuwa ya usalama, kwa maana walioingia mjini nao walikuwa na bunduki.

Linalonitatiza sasa ni mtazamo wa simulizi, yaani hadithi ionekane kwa macho ya nani. Nimeanza kuandika nikipokezana macho ya wote wawili, sura ya msichana kisha sura ya karani, jinsi riwaya hizi zinavyopenda. Lakini nikiufungua moyo wa karani mapema, msomaji atamwamini kabla msichana hajawa na sababu ya kumwamini, na uongo wa jina utaonekana kuwa ukatili. Je, mngenishauri nibaki na macho ya msichana peke yake mpaka siku ile ya kuondoka, kisha nimpe karani sauti kwa mara ya kwanza akiwa amebaki na daftari lenye jina ambalo amekwisha kujua kuwa si la msichana?